Mama ana limfoma, na ami anakataa kipimo cha jeni kwa kuhofia posa ya mdogo wangu

BARUA

Assalaam alaykum, na shikamoo Bi Mshauri.

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, mtoto wa pili kati ya watoto watano, na ndiye ninayefuatana na mama yetu hospitali tangu alipoanza kuumwa. Mama ana umri wa miaka 58. Baada ya mfungo wa Ramadhani alitokwa na mitoki upande wa kushoto wa shingo, isiyouma, ambayo ilikua haraka. Kisha zikafuata homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha kanga, na kupungua mwili hata nguo zake zote zikampwaya. Tulivuka kwenda Unguja, akakatwa kipande cha nyama kwenye tezi, na majibu yalipotoka tukaambiwa kuwa ana limfoma ya seli B kubwa zilizotapakaa, yaani aina ya saratani ya tezi. Kutoka hapo tulipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam.

Daktari aliyetupokea huko ametueleza kwamba kabla ya kuamua aina ya dawa anataka kipimo kingine kiitwacho FISH, ili aone kama jeni za MYC, BCL2 na BCL6 zimehama kutoka mahali pake katika kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Ami yetu, ambaye ndiye anayesimamia gharama tangu baba alipofariki, anasema kwamba kipimo cha vinasaba ni cha watu wanaogombania mtoto, na kwamba hatakubali karatasi itakayosema ukoo wetu una maradhi ya kurithi. Mdogo wangu wa kike ameshaposwa na watu wa Chake Chake, na upande wa mume umeshaanza kuulizia maradhi ya mama ni ya namna gani. Kaka yangu aliyeko Maskati, niliyemtumia picha ya ripoti, anasema kwamba ripoti ya mwanzo imeshaandika BCL2 chanya, MYC asilimia 60 na Ki-67 asilimia 90, basi kwa nini tulipe mara ya pili kuulizia jambo lile lile? Na mama mwenyewe ameapa kwamba hakatwi tena.

Ninaogopa kumkosea ami yangu, na ninaogopa zaidi kumcheleweshea mama dawa. Naomba unieleze kama kipimo hiki kina faida ya kweli, kama kinaweza kututia aibu, na kama tunaweza kuanza matibabu bila ya kukisubiri.

Binti mwenye wasiwasi, Wete

JIBU

Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu ampe mama yako afya. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninaona kwamba hofu ya ami yako na swali la kaka yako vyote viwili vinastahili jibu kamili, kwa sababu kila mmoja anamtakia mama heri kwa njia yake. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba kipimo hiki kina faida, kwamba hakisemi lolote juu ya ukoo wenu, na kwamba hakipaswi kuwa sababu ya mama kukaa bila ya dawa kwa muda mrefu.

Nianze na ami, kwa sababu bila ya ridhaa yake mambo yatakwama. Kipimo anachokifikiria yeye, cha kujua baba wa mtoto, husoma vinasaba ambavyo mtu amezaliwa navyo na ambavyo vimo katika kila seli ya mwili wake. FISH anayoitaka daktari hufanywa juu ya seli za uvimbe, na swali lake ni moja tu: ni kitu gani kilichoharibika ndani ya seli hizo baada ya mama kuwa mtu mzima? Hakilinganishi mama na watoto wake, hakichukui damu ya mtu mwengine yeyote, na karatasi ya majibu haitakuwa na neno lolote kuhusu nasaba.

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, na juu ya kromosomu hizo jeni zimepangwa kila moja mahali pake. Limfositi aina ya B, chembe nyeupe za damu ambazo ndizo seli zilizougua kwa mama yako, zina kazi isiyofanywa na seli nyengine nyingi za mwili: ili zitengeneze kingamwili za kupambana na vijidudu vya kila namna, hukata vipande vya vinasaba vyake zenyewe na kuviunga upya, kama fundi cherehani anayekata kitambaa ili apate mshono mpya. Kazi hiyo hufanyika katika uboho na kwenye tezi kila siku ya maisha yetu, na mara chache sana mkato huenda kombo. Kipande cha kromosomu moja huungwa na kromosomu nyengine, na jeni inayoiamuru seli igawanyike, ambayo kwa kawaida huwashwa na kuzimwa kwa kipimo, hujikuta jirani na sehemu ya kromosomu ya 14 inayosimamia utengenezaji wa kingamwili. Sehemu hiyo katika limfositi B haipumziki, na jeni iliyohamia hapo nayo hainyamazi tena.

Jambo hilo lilitokea ndani ya limfositi moja ya mama yako, ambayo kisha ikazaana. Mayai yaliyokuzaeni nyinyi watano yalikuwa yameshaumbwa katika mwili wa mama yako kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, alipokuwa bado tumboni mwa bibi yenu, nayo hayakuguswa na mkato uliotokea katika seli nyengine miongo mingi baadaye. Kwa hiyo hamkuurithi, na mdogo wako hatawarithisha watoto wake. Tena uhamaji mmojawapo, ule wa kromosomu ya 14 na ya 18 unaohusu BCL2, umewahi kuonekana kwa kiasi kidogo katika damu ya watu wazima wasio na maradhi yoyote, jambo linaloonyesha kwamba hutokea katika maisha na hauna uhusiano na kuzaliwa katika nyumba fulani. Kwa kuwa nimeamua kukueleza ukweli wote, ninaongeza kwamba ndugu wa karibu wa mtu mwenye limfoma wana uwezekano ulio juu kidogo wa kuipata kuliko watu wengine, lakini uwezekano wenyewe unabaki kuwa mdogo, kwa kawaida madaktari hawawapimi watoto wa mgonjwa kwa sababu hiyo, na FISH ya uvimbe wa mama haiwezi kuuongeza wala kuupunguza.

Juu ya wakwe watarajiwa, ushauri wangu ni kwamba msifiche kuwa mama anaumwa, kwa sababu Pemba ni ndogo na jambo lililofichwa huonekana baya kuliko lilivyo. Semeni kwamba ana saratani ya tezi, kwamba anatibiwa, na kwamba si maradhi ya kuambukiza wala ya kurithi kutoka kwa mzazi. Zaidi ya hapo, ripoti ya maabara ni ya mama yako na ya daktari wake. Haina haja ya kufika barzani, na hata ile picha uliyoituma Maskati ingefaa ibaki kwa kaka yako peke yake.

Sasa nije kwa kaka yako, ambaye swali lake ni zuri na huwachanganya hata baadhi ya watu wa afya. Ripoti ya mwanzo inazungumzia protini. Maabara ilipaka rangi maalumu juu ya slaidi ili ione kama seli zinatoa protini ya BCL2 na ya MYC, na zinazitoa kwa wingi: MYC ikifika asilimia 40 na BCL2 ikipita asilimia 50, wataalamu huiita limfoma yenye kutoa protini zote mbili, na wanajua kuwa huwa kali kiasi. Lakini seli inaweza kutoa protini nyingi kwa njia mbalimbali huku jeni yenyewe ikiwa imekaa mahali pake. FISH ndiyo inayoonyesha kama jeni imehama. Kwa wagonjwa wenye maradhi ya jina hili, uhamaji wa MYC huonekana kwa takriban mmoja kati ya kumi, na ule wa MYC pamoja na BCL2 kwa wachache zaidi, ilhali wanaotoa protini zote mbili ni wengi kuliko hao. Kwa hivyo ripoti mliyonayo haijajibu swali la daktari. Imeonyesha tu kwamba lina sababu ya kuulizwa. Hiyo Ki-67 ya asilimia 90 nayo inasema kwamba seli zinagawanyika kwa kasi kubwa, bila ya kusema kwa nini.

Namna kipimo kinavyofanywa itakusaidia kumtuliza mama. Mtaalamu huchukua ukanda mwembamba sana wa nyama iliyokwisha kukatwa, akaupaka vipande vidogo vya vinasaba vilivyotengenezwa maabara, vyenye rangi mbili zinazong'aa, kwa kawaida nyekundu na kijani, ambavyo hunasa upande huu na upande huu wa jeni inayochunguzwa. Akitazama kwa darubini maalumu, jeni iliyo salama huonyesha rangi hizo mbili zikiwa zimegusana. Iliyokatika huonyesha nyekundu huku na kijani kule. Huhesabu seli nyingi kabla ya kutoa jibu. Haihitajiki seli iliyo hai, na hapo ndipo ilipo tofauti na uchunguzi wa zamani wa kromosomu, ambao ulihitaji seli mbichi zinazoendelea kugawanyika.

Maana yake ni kwamba mama hakatwi tena, isipokuwa kama nyama iliyopo haitoshi au imeharibika. Ile nyama ya shingoni ilihifadhiwa katika fomalini, kisha ikagandishwa ndani ya nta, na kitalu hicho cha nta huwekwa maabara kwa miaka. Kinachotakiwa ni kukipata. Rudi kwenye maabara iliyosoma kipande hicho ukiwa na barua ya daktari, taja namba ya sampuli iliyo juu ya ripoti, na uombe kitalu chenyewe au slaidi zisizopakwa rangi, pamoja na nakala ya ripoti. Sainini mahali panapohusika na muulize kitarudishwa lini, kwa sababu ni mali ya kumbukumbu ya mgonjwa na huenda kikahitajika tena. Katika safari ya boti kiweke kwenye mkoba wako wa mkononi, ndani ya kikasha kigumu, wala usikiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa nta huyeyuka. Kama maabara ya huko Dar es Salaam itakipeleka kwengine, muulize daktari kinakwenda wapi, majibu yatarudi kwa nani, na ni nani atakayefuatilia yakichelewa. Sampuli nyingi hupotelea katika mikono isiyojulikana ni ya nani, na ninakuomba sana usilione hili kuwa jambo dogo.

Kuna jambo la gharama ambalo ami yako atalipenda. Si lazima jeni zote tatu zipimwe siku moja. Maabara nyingi huanza na MYC peke yake. Ikionekana imekaa mahali pake, BCL2 na BCL6 huachwa, kwa sababu majibu yake hayatabadilisha uamuzi, na ni pale tu MYC inapoonekana imehama ndipo hizo mbili hufuatishwa. Muulizeni daktari kwa heshima kama mnaweza kwenda kwa utaratibu huo, na ombeni bei ya kila hatua kwa maandishi kabla ya kulipa. Kama mama ni mwanachama au mtegemezi katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au bima nyengine, ulizeni kabla hamjatoa fedha mfukoni, kwa kuwa baada ya kulipa huwa vigumu kurudishiwa.

Na faida yenyewe ni hii. Matibabu ya kawaida ya maradhi haya huitwa R-CHOP, nayo ni rituksimabu, siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na vidonge vya prednisoloni, hutolewa kila baada ya siku 21, mara sita kwa kawaida. Wagonjwa wengi hupona kwayo kabisa, na ninataka mama yako alisikie hilo kwa kinywa cha mtu. Lakini pale MYC na BCL2 zinapokuwa zimehama zote mbili, R-CHOP mara nyingi haitoshi. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umeziweka limfoma za namna hiyo katika kundi lao wenyewe, na madaktari wengi huchagua dawa nzito zaidi, kwa mfano ule mpango ambao dripu yake hutiririka kwa saa 96 mfululizo huku mgonjwa akiwa amelazwa. Vilevile huchunguza kwa makini kama maradhi yamefika kwenye ubongo au maji ya uti wa mgongo. Mpango huo una uchovu mwingi zaidi, hatari zaidi ya maambukizo, na unataka kitanda hospitali na damu ya kuongezwa ikihitajika. Si haki kumbebesha mama mzigo huo kama hauhitaji, na si haki kumnyima kama anauhitaji. Hilo ndilo ambalo daktari anataka kulijua, nami ninaona amefanya vyema kuuliza kabla ya dripu ya kwanza badala ya kusubiri maradhi yarudi.

Mara chache kipimo hiki humtoa mgonjwa katika jina moja la maradhi na kumtia katika jingine. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari mpasuaji Denis Burkitt alipokuwa akifanya kazi Uganda, kwa watoto waliovimba taya, ndiyo iliyowafungulia watafiti mlango wa elimu hii: mwaka 1976 wataalamu wa Sweden waligundua kuwa kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye ya 14 katika maradhi hayo, na mwaka 1982 ikajulikana kuwa jeni iliyohama ni MYC. Nimelitaja hili kwa sababu ami yako huenda akadhani kwamba ni mambo mageni yanayojaribiwa juu ya watu wetu, hali ya kuwa elimu yenyewe ilianzia kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Kuhusu kusubiri, usikubali kuwe na ukimya. Limfoma yenye Ki-67 ya asilimia 90 haingoji miezi. Muulize daktari swali hili kwa maneno haya haya: kama majibu ya FISH hayatakuwa yamerudi ifikapo siku ya dripu ya kwanza, je, mama ataanza R-CHOP na mpango ubadilishwe baadaye ikibidi? Madaktari wengi hufanya hivyo, kwa kuwa mzunguko mmoja wa R-CHOP haumharibii mgonjwa njia ya kuhamia kwenye dawa nzito. Kwa kuwa nyama imeshakatwa na imo katika nta, kuanza dawa hakutabadilisha majibu ya kipimo. Jua pia kwamba kipimo kinaweza kupitwa na baadhi ya mikato iliyojificha, kwa hivyo majibu yakiwa hasi na bado daktari akawa na shaka, asilaumiwe kwa kuomba uchunguzi wa ziada.

Namna ya kuzungumza na ami ni muhimu kuliko hoja zote nilizoziandika. Usimsomee jibu langu mbele za watu. Mwende peke yako baada ya sala ya alasiri, mshukuru kwa aliyoyabeba tangu baba yenu alipofariki, kisha mwombe avuke nanyi safari hii ili aketi mbele ya daktari na kumuuliza mwenyewe kama karatasi ile itataja ukoo. Mtu mzima mwenye dhamana husikia vizuri zaidi jambo alilouliza kwa ulimi wake. Akishindwa kusafiri, mwombeni daktari azungumze naye kwa simu. Na mama ahudhurie mazungumzo hayo, kwa sababu mwili ni wake na ridhaa ni yake kwanza. Kiapo chake cha kutokatwa kilitoka kwenye maumivu, nacho kitalegea atakapojua kwamba nyama inayotakiwa iko Unguja tayari.

Mkiwa huko, hakikisheni kwamba mama amepimwa homa ya ini B kabla ya rituksimabu, kwa kipimo cha virusi vilivyopo na kile cha kuonyesha kama aliwahi kuambukizwa zamani, pamoja na VVU. Rituksimabu inaweza kuwaamsha virusi vya ini vilivyolala kwa miaka mingi bila ya mtu kujua, na vidonge vya kuvizuia vipo, lakini lazima vianzwe mapema. Kama kuna dawa za mitishamba anazokunywa nyumbani, mwambieni daktari jina lake na mumwonyeshe zenyewe. Hatakukasirikieni, na yeye ndiye atakayejua ipi inaumiza ini na ipi haidhuru.